Asubuhi ya kuhesabu miguu

Kundi lilikuwa limefikisha siku 35. Vifaranga 26,000 ndio walioingizwa bandani, na hadi asubuhi ile daftari lilionyesha 810 wamekufa au wameondolewa, asilimia 3 na ushei. Msimamizi aliliita kundi zuri, na kwa hesabu za ufugaji wa kuku wa nyama hakukosea. Banda lilikuwa la mita 120 kwa 14. Kuku 15 kwa mita ya mraba, kila mmoja wastani wa kilo 2.1, inakuja kilo 31 na nusu kwa mita. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2007 linaweka kikomo cha kawaida kuwa kilo 33, kwa hiyo hata huko banda lile lingepita.

Daktari wa mifugo alikuja kupima mwendo. Mimi nilishika ubao na kalamu, niandike namba atakazozitamka.

Kipimo chenyewe kina ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5. Kuku wa 0 huinua mguu na vidole vyake hujikunja hewani kabla ya kukanyaga tena. Wa 1 ana kasoro ambayo huwezi kuitaja jina. Wa 2 unaiona: hatua moja ndefu, moja fupi, lakini anakwenda anakotaka. Wa 3 anachechemea waziwazi, na akipata nafasi anaketi. Wa 4 hainuki mpaka asukumwe. Wa 5 hatembei kabisa, huburuza kifua au hujikongoja kwa mbawa.

Tuliweka uzio mwepesi wa kukunja mahali sita, tukizungushia kuku 25 kila mara, kisha tunafungua upenyo wawe wanatoka mmojammoja. Kazi hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni haraka: ukiwatisha, hata mgonjwa atapiga hatua tatu kwa woga na wewe utamwandika 2. Ya pili ni kuchagua pa kuweka uzio. Karibu na vilishio utawakuta wazima tu, maana wao ndio waliofika. Daktari aliweka uzio mara mbili kwenye vilishio, mara mbili katikati ya njia, mara mbili ukutani.

Jumla ilikuwa kuku 150. Ngazi ya 0 na 1 walikuwa 41, ya 2 walikuwa 67, ya 3 walikuwa 38, ya 4 wanne. Ukiwaweka pamoja wa 3 na wa 4 unapata 42, yaani asilimia 28. Nilidhani nimekosea kujumlisha. Daktari akaniambia, "Hujakosea, mdogo wangu. Ni kundi la kawaida." Kweli, uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2008, wa kuku zaidi ya 50,000, ulikuta asilimia 27.6 ya kuku wa umri wa siku 40 hivi wana mwendo mbovu wa ngazi ya 3 kwenda juu.

Msimamizi alisema kuku wamezoea, hawasikii maumivu kama sisi. Si neno la ukatili. Wengi wanaokaa na kuku kutwa husema hivyo, kwa sababu kuku anayeumwa halii, anaketi tu. Daktari akamjibu kwa jaribio la Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, la mwaka 2000: kuku waliwekewa chakula cha rangi mbili, kimoja kina dawa ya maumivu. Wanaochechemea walikula zaidi chenye dawa kuliko wazima, na kadiri mguu ulivyokuwa mbaya ndivyo walivyokichagua zaidi. Msimamizi akanyamaza, akaokota unyoya kwenye kilishio.

Katika ile 150 hakukuwa na wa 5. Hao huwezi kuwazungushia uzio kisha ukangoja watoke. Tulipita kuta zote mbili kuwatafuta, tukapata 11.

Wa kwanza alikuwa ameketi kwa mkia, miguu imeelekea mbele, anajisukuma kinyumenyume. Huyo ni wa uti wa mgongo, pingili moja imeteleza ikabana neva. Wengine wengi walijiegemeza kwa bawa moja. Daktari alimbonyeza mmoja gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo: tupu, laini kama mfuko wa nailoni usio na kitu. Akanionyesha miguu chini ya goti, ngozi imekunjamana na kuwa nyeusi-nyeusi. "Huyu ana kiu," akasema. Juu ya kichwa chake, umbali usiofika mita moja, bomba la maji lilikuwa linapita.

Ilinichukua muda kuelewa. Chuchu za maji, yaani vitundu vya bomba ambavyo kuku hudonoa ili anywe, hupandishwa kwa kapi kila baada ya siku chache kuku wanavyorefuka, ili mwenye kusimama anyooshe shingo na maji yaingie moja kwa moja kooni. Asubuhi ile zilikuwa kama sentimita 40 kutoka kwenye maranda yaliyotandazwa sakafuni. Aliyeketi hafiki. Kuku wa ngazi ya 5 hamalizwi na mguu. Kiu ndiyo humwua, na huchukua siku kadhaa asipoonekana.

Nikauliza kwa nini tusishushe bomba upande mmoja. Msimamizi, ambaye hapa alijua kuliko mimi, akainama akachota maranda kiganjani, akayafumbata. Yalishikana kidogo kisha yakamomonyoka, na hivyo ndivyo yanavyotakiwa. Ukishusha bomba, wazima hunywa wakiwa wameinama, maji yanadondoka, maranda yanalowa na kushikana bonge. Kinyesi kwenye unyevu hutoa amonia, nayo hula nyayo. Alimgeuza mmoja mzima: katikati ya unyayo palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya dengu. Ukilowesha, kesho doa linakuwa kidonda, tena kwa mamia. Ukiwahurumia 11 kwa maji unawachoma wenzao 300. Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Basi wakaondolewa. Daktari alifanya mwenyewe, polepole kwa wa kwanza ili nione. Miguu yote mkono wa kushoto, kichwa kati ya vidole viwili vya kwanza vya kulia, dole gumba chini ya mdomo. Unavuta chini na kukunja kichwa kwa nyuma kwa tendo moja, mpaka usikie pengo kati ya fuvu na shingo. Ukisitasita unaminya koo tu, naye anakufa kwa kukosa pumzi akiwa na fahamu. Ukizidisha, kichwa kinabaki mkononi. Mbawa hupiga kwa dakika nzima au zaidi, na hilo si dalili kwamba yu hai. Dalili ni pumzi, na jicho: ligusie kidole, lisifumbe. Sheria ya Ulaya inaruhusu mtu mmoja kufanya hivi kwa mkono kwa ndege wasiozidi 70 kwa siku, wa kilo 3 kushuka chini. Baada ya watano nilielewa kwa nini waliweka idadi: mkono huchoka, na mkono uliochoka husitasita.

Alimpasua mmoja pale pale, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alipovuta paja kwa nje, kichwa cha mfupa hakikutoka kwenye nyonga. Kofia ya gegedu ilibaki ndani, na mfupa uliotoka ulikuwa wa manjano, ukipondeka kwa ukucha kama biskuti iliyolowa. Mwili huwa mzito kabla mfupa haujakomaa, unapata nyufa ndogo ndogo, bakteria wa utumbo wanapitia kwenye damu na kujikita humo.

Watu husema uzito huo ni wa homoni. Si homoni, ni mbegu. Chuo Kikuu cha Alberta huko Kanada kilikuwa kimehifadhi koo za kuku za mwaka 1957 na 1978. Wakawafuga pamoja na wa mwaka 2005, kwa chakula kile kile. Siku ya 56 wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Daktari alimtajia msimamizi mbegu zinazokua taratibu. Msimamizi alipiga hesabu kichwani: kundi hili linakula zaidi ya tani 4 kwa siku, na hao wanataka wiki mbili au tatu zaidi. Kisha akasema mbegu haagizi yeye. Ni kweli. Huagizwa na mnunuzi wa nyama, miezi kabla yai halijatagwa, na anayekula hakuulizwa ingawa anayelipa bei ya nyama ni yeye.

Nilijaza fomu. Ina safu mbili, "waliokufa" na "walioondolewa". Hao 11 niliwaandika kwenye ya pili, sababu: miguu. Kwa wale 42 hapakuwa na safu, nikaandika pembeni kwa kalamu, na mhasibu baadaye akaniuliza namba ile ni ya nini.

Kesho yake alfajiri nilipita ukuta wa kushoto peke yangu. Walikuwa tisa.