Daftari Lililoning'inia Kwenye Paa

Miaka mitatu ya kwanza nilipofundisha darasa la pili katika kijiji kimoja cha Tandahimba, niliamini wazazi wa huku hawajali. Nilikuwa nalisema hilo waziwazi ofisini, kikombe cha chai mkononi, na wenzangu wanaitikia. Ushahidi tulikuwa nao: kazi ya nyumbani naitoa Jumatatu, Jumanne madaftari yanarudi kama yalivyokwenda, mengine hayarudi kabisa. Wengine tulilaumu elimu bila malipo, kwamba tangu Januari 2016 mzazi anaona mtoto amekabidhiwa serikali, yeye yake yamekwisha.

Dawa niliyoibuni ilikuwa saini. Kila kazi, mzazi asaini chini yake. Wiki ya kwanza saini zilimiminika, nikajipongeza. Wiki ya pili nikagundua saini 14 zina mkia mmoja. Mtiaji alikuwa kijana wa darasa la sita, ujira wake korosho za kuchoma, kiganja kimoja kwa saini moja. Nilimchapa? Hapana, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Baada ya hapo nikaenda kumtembelea binti mmoja ambaye ubaoni anaandika vizuri, lakini kazi ya nyumbani hajawahi kuifanya hata siku moja. Anaishi na bibi yake. Nikatandikiwa mkeka, nikaletewa maji, na kwenye uwanda huu wa Wamakonde maji si kitu cha kumpa mgeni kwa mazoea. Watu wanavuna ya mvua na kuyabana mpaka masika mengine. Nikaomba kuona daftari.

Bibi akasimama juu ya kigoda, akatungua mfuko uliofungwa kwenye mti wa paa. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki, stakabadhi za korosho kutoka chama cha msingi cha ushirika, kitambulisho cha kupigia kura, na daftari la mjukuu wake, safi, halina hata kunjo.

"Mwalimu, nikiliacha chini mbuzi watalila, mchwa nao wapo. Akirudi nalipokea, asubuhi nampa."

Mtoto alikuwa hajawahi kulishika daftari lake akiwa nyumbani. Na bibi alikuwa ametii. Kwenye mkutano wa wazazi mimi mwenyewe nilisimama nikasema, "Tunzeni madaftari ya watoto." Sikusema kitu kingine cha maana siku ile, maana robo tatu ya muda niliutumia kuwafokea waliohudhuria kwa ajili ya wasiohudhuria.

Niliporudi nikazisoma upya barua zangu. Zote zilianza "Ndugu baba/mama". Mimi ni Mmwera wa Nachingwea, sina udhuru wa kutojua. Kwetu, kama kwa Wamakonde, mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba wakati mwingine hana. Baba wa wengi niliokuwa nawaandikia yuko Mtwara mjini bandarini, au ana mji mwingine kijiji cha pili. Barua ilikuwa inakwenda kwa mtu asiyekuwepo.

Basi nikawauliza watoto swali moja, mmoja mmoja: "Ukikosea nyumbani, nani anakugombeza?" Bibi. Mjomba. Mama mdogo. Dada mkubwa. Baba walitajwa wachache sana. Nikaandika jibu mbele ya kila jina kwenye kitabu changu cha mahudhurio. Kati ya yote niliyojaribu, orodha ile ndiyo iliyonisaidia kuliko kundi la WhatsApp nililolifungua kabla yake, ambalo kati ya familia 61 waliingia 9, na wawili kati yao walikuwa wanauza vitenge.

Wazo la pili lilitoka unyagoni. Huku hakuna msichana anayeingia bila somo wake, mtu mmoja anayejulikana kwamba huyu ndiye wa mtoto huyu. Na hakuna aliyewahi kumuuliza somo, au nyakanga mwenyewe anayeongoza unyago, amesoma mpaka darasa la ngapi. Nikawaendea wale wa kwenye orodha nikawaambia hivyo hivyo: mtoto huyu naomba awe na somo wa kusoma, na kazi yake ni kusikiliza kwa muda ambao chungu cha maharage kinachukua kuchemka mara ya kwanza.

Mabibi walikubali upesi. Wiki mbili baadaye nikagundua tumedanganywa tena. Watoto walikuwa wamekariri ukurasa mzima. Wanaushika wima, wanautiririsha, bibi anatikisa kichwa kwa furaha, na ukigeuza kitabu juu chini hawakosei neno. Hapo ndipo ikazaliwa ile tunayoiita "weka korosho". Msikilizaji anachukua korosho moja na kuiweka juu ya neno lolote, popote. Mtoto anaiondoa, anasoma neno lililokuwa chini yake, kisha anaendelea kuanzia hapo. Aliyekariri anakwama palepale, anaanza kutazama dari isiyokuwepo. Asiyejua herufi hata moja anaweza kuona kwamba mtoto amekwama. Bibi mmoja alinieleza kwa raha kabisa kwamba siku hizi anachagua neno refu kusudi.

Kwenye kuandika nilikuwa na ugomvi wa muda mrefu na "nti" na "ntoto", na "kalatasi". Watoto wanaandika kama wanavyosikia nyumbani, na sikio lao halina kosa. Niliacha kuwaandikia maneno ubaoni wayanakili, nikawatuma wakamwombe bibi hadithi fupi kwa Kimakonde, halafu waje waiandike kwa Kiswahili mistari mitano. Kwa sababu hadithi ni ya kwao, mtoto anakubali kuulizwa, "Hapa umesema mti au nti?" Kabla ya hapo nilikuwa nawasahihisha maneno ambayo hawakuwa wameyasema wao.

Oktoba ikaja. Anayejua huku anajua maana yake: familia zinahamia mashambani, watoto wanaokota na kutenganisha korosho na mabibo, na mahudhurio yanaporomoka. Zamani nilikuwa natuma majina kwa mtendaji wa kijiji. Mwaka ule nilituma kazi. Panga korosho kumi kumi, hesabu mafungu. Gawa sawasawa kwa watu watano, sema zimebaki ngapi. Zitikise mkononi, zilizokauka zinalia. Ni ngapi kati ya hamsini hazilii bado?

Wakubwa wa la tano waliifanya hesabu ya nyumba nzima. Niliwapa bei ambayo huku hakuna asiyeikumbuka, 3,300 kwa kilo, ile ya mwaka 2018 serikali iliponunua yenyewe na magari ya jeshi yakaja kubeba. Kilo 47 ni ngapi? Shilingi 155,100. Mjomba mmoja alisikia mpwa wake akihesabu, akaona heri wahesabu na kangomba pia, yaani korosho zinazouzwa kichinichini kwa bakuli, nje ya chama. Wakapima kwenye mizani lile bakuli ambalo mnunuzi wa chochoroni huliita kilo. Lilivuka kilo na robo. Sikutumwa na chama chochote kufundisha hayo, na kuna jamaa mmoja tangu siku ile hanisalimii.

Nisiseme imefanikiwa kila mahali. Kuna mvulana ambaye kila niliyemweka kuwa msikilizaji wake alihama, mara tatu. Kuna wasichana wawili wanaorudi na ndoo wakati mwanga umeshakwisha, na korosho juu ya neno haionekani gizani. Hao nawabakiza darasani dakika chache mchana, ambayo si nyumbani tena. Na saini niliziacha kabisa.

Yule bibi wa mfuko daftari siku hizi analiweka kwenye ungo, juu ya kinu, mahali mtoto anafika na mbuzi hafiki. Mwezi wa tatu alikuja shuleni asubuhi, amevaa kanga mbili kama anakwenda msibani, kitabu cha hadithi mkononi. Nikadhani kimechanika.

"Mwalimu, hiki tumekimaliza mara nne. Sungura anafanya yaleyale. Huna kingine?"

Kingine sikuwa nacho. Vitabu vya la pili tunavitumia watoto wanne kwa kimoja. Nikafungua kabati la la tatu, ambalo halinihusu na mwenyewe alikuwa Newala kwenye semina, nikampa kimoja. Bado hajakirudisha.