Hawana kaburi, wapewe hata jina

Leo ni 12 Februari. Tarehe kama hii mwaka 1944, nyambizi ya Wajapani iliipiga meli ya Waingereza iitwayo Khedive Ismail katika Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Maldivi. Meli ilikuwa imetoka Mombasa siku chache kabla, ikielekea Colombo. Hazikupita hata dakika tano, ikawa imezama. Ilibeba watu zaidi ya 1,500, na waliokufa ni karibu 1,300. Wengi wao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga, vijana wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipelekwa Asia kupigana na Mjapani. Walikuwamo pia wauguzi.

Kila nikisoma kisa hiki, kuna mahali ambapo lazima nisimame kwanza. HMS Petard, manowari ya Waingereza iliyokuwa ikiulinda msafara, ilipoisaka ile nyambizi, iliikuta imejificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea manusura. Mabomu yakatupwa baharini, na wao bado wamo majini. Kulikuwa na meli nyingine za msafara za kulindwa, na mimi niliyekaa nchi kavu sina haki ya kumhukumu aliyetoa amri hiyo. Ninachowaza ni upande wa pili: nani alikwenda kumweleza mama yake mpiga mizinga, na kwa maneno gani, kwamba mwanawe hatarudi na hakuna mwili wa kuzika?

Angalau hao wana mahali. Wanakumbukwa kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, pamoja na askari wengine wasio na kaburi. Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hawakupata hata hilo. Hao ndio waliobeba risasi na chakula wakiyafuata majeshi kutoka Kenya hadi kusini kabisa mwa Tanganyika. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza peke yake walifika 95,000 hivi, na wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Wamejengewa sanamu, ndiyo, lakini sanamu haina majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Hilo halikutokana na bahati mbaya. Wakubwa wa wakati ule waliamua kwamba Mwafrika hana haja ya kaburi lenye jina. Nikiwaza hivyo, hasira hunipanda hadi leo, na sioni sababu ya kuificha.

Basi ningependa kusema kwamba hayo ni ya wakoloni na yamepita. Siwezi. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wa Kenya ilivamiwa El Adde, Somalia. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Al-Shabaab walidai kwamba wamechukua mateka. Familia zikabaki zinapiga simu, zinaangalia picha za kutisha mitandaoni kama watamtambua mtu wao, zinangoja vipimo vya DNA.

Watu husema kungoja kunaisha polepole. Mimi naona kwa ndugu wa aliyepotea ni kinyume, kwa sababu kila kitu kinasimama. Mke aanze eda lini? Mtoto akijaza fomu ya shule, baba amwandike yuko hai au marehemu? Ukiweka matanga, kuna shangazi atakayelia kwamba mnamzika mtu aliye hai. Usipoweka, miaka inakwenda na nyumba inakaa na msiba usioanuliwa. Sheria ya Kenya inaruhusu mtu ahesabiwe amekufa akikosa kusikika kwa miaka 7. Hiyo inasaidia mambo ya mirathi na benki. Haimwambii mama kama kijana wake aliteseka.

Hata sheria za vita zinalijua hili. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unataka mateka wa vita aruhusiwe kuwaandikia ndugu zake kadi ndani ya wiki moja baada ya kufika kambini. Itifaki ya 1977, ya nyongeza kwa Mikataba ya Geneva, ikaongeza kwamba familia zina haki ya kujua yaliyowapata watu wao. Makundi yenye silaha hayajali kadi, hilo tunalifahamu. Lakini nchi iliyomvalisha kijana sare na kumtuma ng'ambo inabaki na deni lake, adui awe nani.

Kwa hiyo ombi langu la leo si mnara mwingine wala gwaride. Nataka orodha, iliyo wazi kwa kila mtu kusoma: jina, namba ya jeshi, kikosi, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na mbele yake iandikwe kama amekufa, ametekwa au hajulikani alipo. Na kama jibu ni kwamba jeshi halijui, basi familia ipewe jibu hilo kwa barua, yenye tarehe na sahihi ya mkubwa mwenye dhamana, na ielezwe ni nani anayeendelea kumtafuta.