Jinsi nilivyofunga mikanda ya pointi sita kwenye gari langu la mbio

Mikanda niliyonunua ni ya pointi sita: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na miwili inayopita katikati ya mapaja. Lebo yake ina namba FIA 8853-2016, yaani kiwango cha usalama cha FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari. Kuinunua hakukunisumbua. Kilichonikalisha gereji hadi usiku ni kuamua itaungwa wapi kwenye bodi, maana mkanda wa bei kubwa ukivuta kutoka mahali pabaya unaweza kumuumiza dereva yuleyule uliowekwa kumlinda.

Kiti kilitangulia. Kifungwe kwanza mahali pake pa kudumu, dereva akae ndani akiwa na ovaroli na helmeti, ndipo upimaji uanze. Kiti kikisogea baadaye hata kidogo, pembe zote zinabadilika.

Mikanda ya mabega ndiyo iliyokula muda wangu mwingi. Magari mengi yana matundu ya mikanda ya abiria sakafuni nyuma ya kiti, na kishawishi cha kuyatumia ni kikubwa. Nilikataa. Gari likigonga, kiwiliwili kinatupwa mbele na mikanda inakaza. Kama inashuka kwa mteremko mkali hadi sakafuni, inayakandamiza mabega kwenda chini na mzigo wote unaangukia uti wa mgongo. Kanuni za FIA zinaweka kikomo cha nyuzi 45 chini ya usawa, lakini zinashauri usizidi nyuzi 10. Nikaishika hiyo 10.

Ili kuipata, fundi alichomelea bomba la kukingama ndani ya keji (fremu ya mabomba inayomkinga dereva gari likipinduka), nyuma ya kiti. Kabla ya kuchomelea tulilishika kwa klempu tu. Nikakaa, akavuta uzi kutoka begani kwangu hadi kwenye bomba, akalaza kipima pembe juu ya uzi. Tulilishusha na kulipandisha mara kadhaa hadi uzi ukalala karibu sawa, ukishuka kidogo tu kuelekea nyuma. Bomba likiwa juu ya bega nalo halifai, kwa sababu mkanda unanyanyuka na kumwachia dereva nafasi ya kucheza.

Utepe unazungushwa kwenye bomba, unapita kwenye kibano cha vijiti vitatu, kisha ncha yake inarudishwa tena ndani ya kibano. Huko kurudi mara ya pili ndiko kunakoufunga. Bila hivyo utepe unaweza kuteleza na kuchomoka. Kibano kikae karibu kabisa na bomba, na vizuizi viwekwe kila upande ili mikanda isitambae kwenye bomba.

Mikanda ya kiunoni ilale kwenye mkunjo wa paja na nyonga, ikibana mfupa. Isipande tumboni hata kidogo, kwani tumbo halina mfupa wa kuzuia. Ile ya mapajani kazi yake ni kuishikilia hiyo ya kiunoni isivutwe juu, ili mwili usiteleze chini yake.

Sakafu ya gari ni bati jembamba, na FIA inataka kila pointi ya bega na kiuno ihimili nguvu ya karibu tani moja na nusu. Kwa hiyo kila tundu jipya nililitilia bamba la chuma upande wa chini, unene wa milimita 3, eneo lisilopungua sentimita 40 za mraba. Kwenye kiti chenyewe au miguu yake sikufunga kitu. Kanuni zinakataza, na kiti kikichomoka mikanda inaondoka nacho.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaliangalii: kikono cha chuma kinachoshika utepe lazima kielekee kule mkanda unakovuta. Kikipinda, utepe unajikusanya kwenye kona moja ya tundu, upande huo unabeba mzigo peke yake na kuanza kuchanika. Baada ya ajali iliyomuua dereva wa mbio Dale Earnhardt kwenye uwanja wa Daytona, Marekani, Februari 2001, mkanda wake wa kiunoni wa kushoto ulikutwa umekatika, na uchunguzi wa NASCAR, chama kinachosimamia mbio hizo, ulitaja hali hiyohiyo ya utepe kujikusanya upande mmoja. Basi nilikaza mikanda kwa nguvu, nikamulika kila kikono kwa tochi kuhakikisha utepe umetandaa upana wote.

Wakati wa kujifunga naanza na kiuno, nakibana sana, kisha mapaja, mabega mwisho. Ukianza na mabega, bizimu linapanda tumboni. Nikishafungwa nahakikisha nafikia swichi ya kuzima umeme na kufungua bizimu kwa mkono wowote.

Bolti nazikagua upya baada ya kila mbio. Mikanda ikipita kwenye ajali kubwa naibadilisha hata kama inaonekana mizima, kwa sababu nyuzi zake zinakuwa zimeshavutika, na tarehe ya mwisho iliyo kwenye lebo nimeiandika kwenye daftari la gari.