Siku moja ya mkalimani wa kituo cha basi, Lubumbashi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri ninatoka nyumbani Katuba nikiwa nimevaa koti na kofia ya sufu, kwa sababu mwezi wa saba Lubumbashi huwa na baridi inayoingia hadi kwenye mifupa. Mfukoni nina daftari dogo, kalamu mbili, na simu mbili, moja ya laini ya Kongo na nyingine ya Zambia. Hivyo ndivyo vyombo vyangu vyote vya kazi. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Kibemba, ingawa kituoni wengi wananiita komisyonere, jina lile lile wanalopewa madalali wa nyumba na wa magari. Jina hilo linaniumiza. Dalali hula pande zote mbili, lakini mimi hulipwa dola 10 kwa siku na yule aliyenikodi, na sipokei hata faranga moja kutoka kwa dereva wa taksi au mwenye nyumba ya wageni ambaye nimempelekea mgeni.

Kazi hii niliianza kwa sababu ya usiku mmoja wa mwaka 2009, niliposhuka Lusaka peke yangu nikiwa na Kifaransa na Kiswahili tu, katika mji ambao watu wanazungumza Kinyanja na Kiingereza. Nililala kituo cha mabasi nimekumbatia begi. Nilikuwa na njaa na fedha nilikuwa nazo, lakini sikuthubutu kununua chakula, kwa kuwa sikujua namna ya kuuliza bei wala namna ya kukataa nikitajiwa bei ya uongo. Asiyejikuta katika hali hiyo hawezi kuamini kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuogopa mkate.

Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne nilifanya yale ya kila siku: nilimsaidia mfanyabiashara wa Ndola kupata bohari ya vitenge, nikawaeleza madereva wawili wa malori kutoka Tanzania kwamba saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja, na nikanywa chai.

Basi la saa nne kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, lilipofika, alishuka mama mmoja wa makamo mwenye begi moja na karatasi aliyoikunja mara nne. Wapagazi walimzunguka wakimwita kwa Kiswahili, naye akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mgongo wake ukagusa basi. Nilimsalimu kwa Kibemba, hakujibu. Nikamsalimu kwa Kiingereza, akanishika mkono wa koti na hakuuachia hadi tulipovuka barabara. Alikuwa ametoka Harare siku mbili kabla, akapitia Chirundu, Lusaka na Chililabombwe. Mume wake ni dereva wa lori la shaba. Jeki iliteleza alipokuwa akibadilisha gurudumu upande wetu wa mpaka, gurudumu likamwangukia, akaletwa hospitali mjini hapa. Utingo wake, kijana Mkongo, ndiye aliyempigia mama huyu simu, na kwa maneno machache ya Kiingereza aliyokuwa nayo alimwambia kwamba mguu utakatwa.

Hospitalini tulianzia dirisha la malipo, kwa kuwa hapa kwetu mgonjwa hulipiwa kwanza ndipo mengine yafuate. Mama alitoa dola 180, zote alizokuwa nazo isipokuwa nauli ya kurudia. Karani alizipanga mezani, akaziinua moja moja kwenye mwanga, akapitisha ukucha pembezoni mwa kila noti, kisha akairudisha ya 100. «Hii haipite, papa.» Ilikuwa na mpasuko usiozidi upana wa punje ya mchele. Kila Mkongo anajua kwamba noti ya dola iliyochanika haina kazi, hata mpasuko uwe mdogo namna gani, lakini kwao Harare alikuwa ameipokea bila shida, na aliamini kwamba karani anamdai kitu cha chini ya meza. Nilimweleza. Hakukubali. Alisema maneno makali, nami niliyafikisha kama yalivyo. Karani akajibu, «Mwambie hapa si kwao,» nami nikalifikisha hilo pia, nikiona uso wa mama unavyobadilika. Watu wa foleni walinilaumu kwa kutolainisha. Ningelainisha, mama yule angebaki hajui anazungumza na nani, na kujua ni haki yake. Mkalimani anaposema «mimi», yule «mimi» ni mtu mwingine, na siku nitakapoanza kuchagua sentensi za kupitisha nitakuwa komisyonere kweli.

Tulizunguka jua likitupiga, kutoka kwa mbadilishaji fedha mmoja hadi mwingine kando ya soko. Wa kwanza alikataa hata kuigusa. Wa pili alitaka kuichukua kwa 80. Wa tatu, mama mwenye mtoto mgongoni, aliichukua kwa 93 baada ya kuikunja na kuikunjua kwa muda ulioonekana kuwa hauishi, akatupa faranga zilizofungwa kwa mpira, nasi tukasimama kuzihesabu mara mbili. Tuliporudi karani alikuwa amekwenda kula. Tulikaa chini ukutani. Dola 7 zilizopungua nilizikata kwenye ujira wangu, na ninaandika hivyo kwa sababu nilipaswa kuzikagua noti zile kabla hajazitoa mbele ya watu.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Koo lilikuwa limekauka na miguu imevimba, na nilikuwa nimezungumza kwa niaba ya watu wengine kwa muda mrefu kiasi kwamba jirani wa benchi aliponiuliza jina nilikawia kujibu. Ndipo daktari akaja, akasimama mlangoni, akaeleza kwa Kifaransa cha haraka. Nilisikia «orteils». Nilimwomba arudie. Akarudia bila kuniangalia. Nilimwomba tena, kwa heshima, aonyeshe kwenye mwili wake mwenyewe, na hapo alikasirika, lakini aliinama na kugusa ncha ya kiatu chake.

Vidole. Vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Nilielewa papo hapo jinsi kosa lilivyotokea. Kiswahili chetu huita mguu kuanzia pajani hadi ukuchani, na kijana yule, akitafuta Kiingereza cha «vidole vya mguu», alipata nusu tu, ile nusu mbaya. Kishona, lugha ya mama huyu, kina «gumbo» kwa mguu na «tsoka» kwa sehemu ya kukanyagia, naye alikuwa amesafiri siku mbili akililia gumbo. Nilimwambia kwa Kiingereza, polepole, kisha nikaonyesha kama daktari alivyoonyesha. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akavua kiatu chake cha kushoto, akashika vidole vyake viwili vidogo akanitazama ili nithibitishe. Nilithibitisha. Aliuliza kama mumewe ataendesha tena lori, na nilitamani sana kusema ndiyo. Nilimuuliza daktari, akasema ni mapema mno, nami nikasema ni mapema mno.

Jioni tulinunua bukari, yaani ugali, na samaki aina ya thomson kwa mama mmoja nje ya lango, kwa kuwa wagonjwa hulishwa na ndugu zao. Nilimwandikia kwenye karatasi ya daftari maneno ya kumwonyesha muuguzi wa zamu: maji, dawa, maumivu, choo, baridi, mganga, asante. Aliyasoma kwa sauti hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamsahihisha. Nilirudi Katuba kwa miguu sehemu kubwa ya njia, bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba likiwa jeusi upande wangu, na mfukoni nilikuwa na dola 3.

Nilikuwa nimeshavua viatu simu ilipoita. Alitaka kujua jinsi ya kumweleza muuguzi kwamba mumewe amepata usingizi, asimwamshe. Nilimwambia: amelala. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwao wanasema «arara», akalirudia letu mara tatu kwa sauti ya chini, na nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye.