Nilivyokipunguza kivinjari kikaingia kwenye XO-1

Laptopu za XO-1, zile nyeupe na kijani za One Laptop per Child, mradi wa kuwapatia watoto wa shule laptopu za bei nafuu, zilianza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa mwaka 2007. Prosesa yake ni AMD Geode ya megahezi 433, kumbukumbu ni megabaiti 256, na hifadhi ya ndani ni gigabaiti 1. Kituo cha kusomea watoto ninachokisaidia kinazo kadhaa, na bado zinawaka. Betri zimechoka, lakini keybodi zake za mpira hazipitishi vumbi, na skrini yake inasomeka juani kweupe, jambo linalozishinda laptopu nyingi za leo zenye bei mara kumi. Kilichokuwa kimekufa ni kivinjari. Mtoto akifungua ukurasa wenye picha mbili tatu, mashine inaganda, mshale hausogei, na mwisho wake ni kubonyeza kitufe cha kuzimia. Niliomba nijaribu kuzirudisha kazini, kwa sababu naamini mashine inayoweza kuonyesha maandishi haijaisha kazi yake kwa mtoto anayejifunza kusoma.

Kila niliyemweleza alinishauri niweke Firefox mpya. Haiwekeki, na sababu si uzito peke yake. Geode haina kundi la maagizo liitwalo SSE2, na tangu toleo la 53 la mwaka 2017 Firefox ya Linux inalihitaji. Prosesa ikikutana na agizo isilolijua, programu inakufa kabla hata dirisha halijatokea. Injini nyingine kubwa nazo zimekwenda njia hiyo hiyo. Ukirudi nyuma ukachukua kivinjari kilichokuja na mashine, kile cha Browse kwenye Sugar (mazingira ya kazi ya watoto yaliyokuja na XO-1), kinafunguka vizuri, lakini hakielewani tena na tovuti. Seva nyingi sasa zinataka TLS, yaani kanuni ya kusimba mawasiliano, ya toleo la 1.2 kwenda juu, na tarehe 30 Septemba 2021 kulikwisha muda wa cheti kimoja cha mizizi ambacho vifaa vingi vya zamani vilikitegemea kuziamini tovuti zinazotumia vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya usalama bure. Kwa hiyo kipya hakiwaki, cha zamani hakifiki popote.

Hapo ndipo nilipoamua jambo ambalo liliongoza kazi yote iliyofuata: sitatengeneza kivinjari cha kwenda mtandaoni kote. Nitatengeneza kivinjari cha kusomea, na kurasa zitakazosomwa nitazileta karibu yake. Kivinjari nikikate kiendane na mashine, na kurasa nazo nizikate ziendane na kivinjari. Wengi hushughulikia upande mmoja tu. Hubadilisha programu baada ya programu huku ukurasa wenyewe ukibaki mzito vilevile.

Mfumo nilioutumia ni Debian 11, aina ya Linux, nikauweka kwenye kadi ya SD ili hifadhi ya ndani isiguswe. Niliuchagua kwa makusudi: toleo la 12 liliiacha Geode nje, kwa kuwa linataka agizo jingine ambalo prosesa hii haina. Mashine zilizofungwa kiusalama hazikubali mfumo wa nje mpaka uzipe ufunguo wa msanidi, kwa hiyo anayetaka kufuata njia hii akague hilo mapema. Badala ya mazingira kamili ya dawati niliweka matchbox, meneja wa madirisha anayejaza skrini nzima kwa dirisha moja. Sugar niliiacha kwa uchungu. Shajara yake, inayomwonyesha mtoto kazi aliyoifanya jana bila kumtesa na mafaili na folda, ni wazo zuri ambalo sijaliona likifanywa vizuri zaidi kwingine. Lakini Sugar imeandikwa kwa Python, na kwenye megabaiti 256 kila kinachokaa chini ya kivinjari kinamnyang'anya mtoto nafasi ya ukurasa.

Kivinjari chenyewe ni NetSurf. Kimeandikwa kwa lugha ya C, kina injini yake ya kupanga kurasa isiyotokana na ile ya Firefox wala Chrome, na JavaScript yake ni ndogo sana. Kwa kazi hii udogo huo ni faida. Nilikikompaili upya, yaani nilikijenga upya kutoka kwenye msimbo wake, nikiiambia programu ya GCC inayofanya kazi hiyo ilenge Geode moja kwa moja. Kasi iliongezeka kidogo tu. Nilichokitaka zaidi ni uhakika kwamba hakuna agizo geni lililojificha ndani.

Sasa kumbukumbu, maana hapa ndipo mashine zilipokuwa zinafia. XO-1 inavyokuja haina sehemu ya diski ya kupokea kinachofurika kutoka kwenye kumbukumbu. Nafasi ikikaribia kuisha, Linux huanza kutupa vipande vya programu zenyewe, ikijua itavisoma tena vikihitajika. Kisha inavihitaji papo hapo, inavisoma, inatupa vingine, na mzunguko huo unaendelea huku mashine ikionekana imekufa. Baada ya kuhangaika sana ndipo kiini cha mfumo kinapoamua kuua programu moja. Kwa mtoto, hizo ni dakika za kutazama picha iliyoganda. Nilitaka kifo kiwe cha haraka na kiwe cha kivinjari peke yake. Nilikiwekea kikomo cha kumbukumbu, nikaueleza mfumo kwamba ikibidi kuua, kivinjari kiuawe kwanza. Halafu nikaandika skripti fupi inayokiwasha tena kwenye ukurasa wa mwanzo kila kinapoanguka. Sasa kikishindwa, mtoto anaona skrini imerudi mwanzo, anaendelea. Haiti mtu.

Kache ya diski, yaani akiba ya nakala za kurasa, niliizima kabisa. Kadi za SD huchakaa kwa kuandikwa, na seva yenye kurasa za masomo, iliyo chumba hicho hicho na watoto, inajibu haraka kiasi kwamba hakuna haja ya kuhifadhi nakala. Kache ya kumbukumbu niliibana. Dirisha la pili na tabo nimeviondolea njia za kufunguliwa. Baadhi ya walimu walinipinga kwenye hili, wakisema watoto wazoee tabo. Msimamo wangu ni kwamba kwenye mashine hii tabo ya pili ndiyo inayomwibia mtoto ukurasa wa kwanza.

Lakini mlaji mkubwa kuliko wote ni picha, na hili ningependa kila anayeandaa masomo ya kompyuta dhaifu alijue. Ukubwa wa faili ya picha haukuambii chochote kuhusu kumbukumbu itakayokula. Picha ya JPEG ikifunguliwa inakunjuliwa yote, kila pikseli baiti nne. Picha ya kamera yenye pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa na megabaiti 3 kwenye diski, lakini ikikunjuliwa inataka megabaiti 48. Picha nne za namna hiyo kwenye somo moja zinakaribia 200, na mashine nzima ina 256. Ukiiandika upana wa 300 ndani ya HTML haisaidii kitu: kivinjari kinaikunjua yote kwanza, ndipo kinaipunguza. Nilipitisha picha zote za walimu kwenye ImageMagick, programu ya kubadilisha picha, kila iliyozidi upana wa pikseli 800 ikashushwa hadi hapo, zilizo chini zikaachwa zilivyo. Picha ya 800 kwa 600 inakula chini kidogo ya megabaiti 2, yaani sehemu moja ya ishirini na tano. Hatua hiyo moja ilileta utulivu kuliko mipangilio yote ya kivinjari niliyoigusa.

Skrini ilinichukua muda mrefu zaidi, na nilifurahia kila saa yake. Mary Lou Jepsen, aliyeibuni, aliifanya iwe na hali mbili. Ndani ya nyumba taa ya nyuma inawaka na rangi zinaonekana. Juani skrini inatumia mwanga wa jua wenyewe, na hapo inakuwa nyeusi na nyeupe na vivuli vya kijivu, yenye ukali wa ajabu. Pikseli ni 1200 kwa 900 kwenye skrini ya inchi 7.5, yaani pikseli 200 katika kila inchi. Kurasa za wavuti hudhani msomaji ana karibu nusu ya hizo. Maandishi ya kawaida ya pikseli 16 yanatoka na kimo cha milimita 2 kwa jumla, na herufi kama a au e ikibaki na kama milimita moja. Mtoto anasoma pua ikigusa kioo. Niliongeza ukubwa wa kila kitu hadi asilimia 150. Kwa ukurasa, skrini sasa ina upana wa 800 badala ya 1200, na hapo ndipo ile 800 ya picha ilipotoka: picha pana kabisa inajaza skrini bila kuhitaji kusogezwa pembeni.

Mistari nayo ilikuwa mirefu mno. Hata baada ya kukuza, mstari mmoja ulibeba karibu herufi mia, na msomaji mchanga akifika mwisho wake hujui jicho lake litarudi mstari upi. Kwenye faili ya mtindo ya kivinjari niliweka ukomo wa upana wa aya, nikaongeza nafasi kati ya mistari, na maandishi yote yakawa meusi juu ya nyeupe hata ukurasa useme vingine. Hilo la rangi lina sababu yake: taa ya nyuma ikiwaka, kila pikseli ya skrini hii inabeba rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na buluu, kwa hiyo herufi nyembamba ya rangi inatoka imechanika kingo. Nyeusi inatoka safi.

Jambo la viungo lilinifundisha mwalimu mmoja wa darasa la tatu. Tulikuwa tumetoka nje na mashine, akaniita: "Fundi, hebu njoo. Huyu anasema hakuna pa kubonyeza." Nikainama nikatazama. Kweli, juani buluu imegeuka kijivu cheusi, na waandishi wa ukurasa ule walikuwa wameondoa mistari chini ya viungo kwa ajili ya urembo. Ukurasa mzima ulionekana maandishi matupu. Tangu siku hiyo kila kiungo kina mstari mnene chini yake, kwa amri isiyoweza kufutwa na ukurasa wowote. Vilevile majibu sahihi kwenye mazoezi hayaonyeshwi tena kwa kijani na makosa kwa nyekundu. Yanapewa alama ya vema au ya mkasi.

Padi za kugusa za mashine zenye umri huu hazina subira na vidole vya watoto, kwa hiyo vitufe vya pembeni mwa skrini nilivipa kazi. Cha duara kinapandisha ukurasa, cha msalaba kinaushusha. Skrini ikizungushwa na kulazwa juu ya keybodi, laptopu inakuwa kitabu, na vitufe hivyo vinatosha kusoma makala ndefu bila kugusa kitu kingine. Kwa hali ya kitabu iliyosimama wima upana unabaki 600, na kwa kuwa aya zina ukomo wa upana na si upana uliokazwa, zinajipanga zenyewe.

Upande wa seva sikuwa na mengi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inaendesha Kiwix, programu inayohudumia nakala za Wikipedia na vitabu vingine bila intaneti, kutoka kwenye faili za ZIM. Wikipedia ya Kiswahili imo. Kwa baadhi ya mikusanyo nilichukua matoleo yasiyo na picha. Ukurasa wa mbele niliuandika mwenyewe kwa HTML tupu, na kisanduku cha kutafuta ni fomu ya kawaida inayotuma neno kwa seva, hivyo JavaScript haihitajiki. Mawasiliano yote ni HTTP isiyosimbwa ndani ya chumba, kwa hiyo ile habari ya vyeti haipo tena. Angalieni tu kwamba redio ya XO-1 inatumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee; kifaa cha Wi-Fi kilichowekwa kwenye 5 hakitaonekana kabisa.

Video sikuziweka. Nilipima, na prosesa inaweza kuonyesha video ndogo sana ikichezwa na programu ya pembeni, lakini inachukua mashine yote, na watoto waliokaa kwenye laptopu hiyo hiyo wanabaki kusubiri. Masomo yanayohitaji video yanaonyeshwa kwa projekta mara moja kwa wote. Masomo ya PDF nayo niliyageuza kuwa HTML moja moja. Ni kazi ya kuchosha, kwa sababu majedwali yanavunjika na lazima uyaandike upya kwa mkono, na bado sijamaliza ya hisabati.

Mpangilio wote umekaa kwenye kadi moja ya SD, nami nikazinakili nyingine kutoka kwenye hiyo. Mashine ikianza kusumbua, mwalimu anatoa kadi, anaweka ya akiba, anawasha. Zile zilizoharibika ananiwekea kwenye bahasha, nami naziandika upya nikipita.