Fyuzi ya ampea 13 haifai kila plagi

Karibu kila plagi ya pini tatu inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme hapa Dar es Salaam ina fyuzi ile ile ndani yake: kipande kidogo cha kauri chenye vifuniko vya chuma kwenye ncha zote mbili, kilichoandikwa 13A. Taa ya mezani hufungwa plagi hiyo, na jagi la kuchemshia maji hufungwa hiyo hiyo, ingawa vifaa hivyo viwili havikaribiani hata kidogo kwa umeme vinaovuta.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kifaa hugawanywa kwa volti za umeme wa nyumbani, ambazo kwetu ni 230, na jibu linalopatikana ni ampea. Jagi la wati 2000 huvuta ampea 8.7, kwa hiyo fyuzi ya 13 inalifaa. Televisheni ya wati 100 haifikishi hata nusu ampea, na fyuzi ya 3 inaitosha.

Wengi huuliza ubaya uko wapi ikiwa fyuzi kubwa haizuii televisheni kuwaka. Ubaya uko kwenye waya, kwa sababu fyuzi ya plagi huwekwa hasa kuulinda waya unaotoka kwenye plagi kwenda kwenye kifaa. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, kama ule wa taa ya mezani, unastahili kubeba takriban ampea 3. Ukipata hitilafu ya kuvuta ampea 10, fyuzi ya 13 itakaa kimya huku waya ukipata joto kupita kiasi. Tena fyuzi haikatiki mara tu kiwango chake kinapopitwa, kwani ile ya 13 huweza kustahimili ampea 20 kwa muda mrefu. Ndiyo maana fyuzi inapaswa kuzidi mkondo wa kifaa bila kuzidi uwezo wa waya. Wanaozungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyoungua wameondoa ulinzi wote, na mimi naona ni heri kukaa gizani.

Jokofu halifuati hesabu hiyo moja kwa moja. Mota yake inapoanza kuzunguka huvuta, kwa muda mfupi sana, mkondo ulio mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa hiyo ni busara kufuata fyuzi iliyopendekezwa na mtengenezaji badala ya kukimbilia ya 3 kwa kuwa wati ni chache. Umeme unapopungua nguvu jioni, mota hiyo hulemewa na huweza kuvuta mkondo mkubwa zaidi, ilhali jagi la wati 2000 likipewa volti 200 huvuta ampea 7.6 tu na maji huchelewa kuchemka.

Kwenye ekstensheni, ampea hujumlishwa: jagi hilo pamoja na pasi ya wati 1200 ni ampea 13.9, nazo zote hupita katika waya mmoja na plagi moja. Hita ya bafuni ya wati 5500, inayovuta karibu ampea 24, haina habari na plagi kabisa. Fundi umeme huivutia waya wake mnene kutoka kwenye boksi la sakiti breka, ikiwa na breka yake peke yake.