Nyuki wa mzinga wa tatu

"Unatafuta ugonjwa, mwanangu."

Maneno matatu tu, na tangu Jumamosi hayajanitoka kichwani. Jumanne tumemzika mzee wa nyumba ya pili, Alhamisi barua yangu ya uhamisho ikafika (hiyo nitaieleza siku nyingine), lakini mimi bado niko pale Sikonge, Tabora, chini ya mti, nimeinamia beseni.

Mzinga wangu wa tatu wa nyuki umenisumbua sana. Asubuhi ile nilikuta nyuki anatembea mlangoni. Anapanda jani, anaanguka, anapanda tena. Nikamnyanyua kwa kijiti: mabawa yamejikunja kama karatasi ya pipi, tumbo fupi. Mwingine wenzake walikuwa wanamburuta kumtupa nje. Hivyo ni virusi, na anayevisambaza ni utitiri wa varoa, yule mdogo wa rangi ya kahawia. Anajipenyeza kwenye tundu la buu kabla halijazibwa kwa nta, anazaa humo humo, na familia nzima inamla mtoto wa watu hajaota hata mabawa.

Nikapima. Nusu kikombe cha nyuki, kama 300 hivi, nikawamwagia sukari ya unga, nikawatikisa kwenye chupa yenye wavu juu ya beseni jeupe la maji. Utitiri 14 walielea. Nyuki nikawarudisha kwao, weupe kama vijana wa mashine ya kusaga.

Hapo ndipo ualimu uliponipanda. "Baba, unaona? Kumi na nne!" Baba Mdogo alikuwa na warinaji wenzake wawili. Akatazama beseni, akatazama mzinga wake wa gome kule juu, akayasema yale maneno. Akaongeza, "Babu yako alirina mpaka anaingia kaburini, hakupima nyuki hata mmoja." Wenzake wakacheka.

Ningenyamaza! Nikajibu, "Labda ndiyo maana mizinga yake ilikuwa inahamwa."

Marehemu, jamani. Mbele ya watu. Baba Mdogo akachukua kienge chake cha kufukizia nyuki moshi akaondoka, chai haijaguswa. Tangu hapo nalirudia lile "labda" usiku, mara kwa upole, mara kwa utani. Halikai vizuri hata kidogo.

Jana jioni nikafungua tena mzinga. Malkia anataga, vibarua wanaingia na chavua miguuni. Varoa alithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na nyuki wetu wengi wanaendelea naye bila dawa. Mojawapo ya silaha zao ni kuhama: kundi likiondoka, utitiri waliofungiwa pamoja na mabuu wanabaki kwenye masega. Kumbe tusi langu lilikuwa sifa! Nilicheka peke yangu, kofia ya wavu usoni.

Nikamtumia ujumbe: "Shikamoo Baba. Nyuki wa babu walikuwa wanahama kwa akili." Tiki mbili za bluu. Kimya.

Na tenki la maji linavuja tena, nalisikia kutoka hapa kitandani. Fundi aliyeliziba mwezi uliopita hapatikani kwenye simu.